Dereva Aliyepunga Matairi

Pongwe nzima tulimwita Dereva. Madereva wengine walikuwapo, wa mabasi ya Tanga na wa malori ya mkonge, lakini hao waliitwa kwa majina yao au kwa majina ya magari yao. Ukisema Dereva bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yule. Wakeze walimwita Dereva. Hata imamu alipotaka kumwuliza jambo msikitini alisema, "Dereva, wasemaje?" Nami nitamwita hivyo hivyo, ingawa jina lake nalijua. Sitaki kulitaja. Wala usiniulize alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani. Mtu wa kumsifia ukoo wake mimi siye.

Nitasema nilivyomjua. Tulikaa naye ukuta kwa ukuta tangu nilipokuwa mwari mpaka nikaolewa, nikaachika, nikarudi kwa mama na kufungua kibanda cha chai kando ya barabara. Ilikuwa ile miaka ya mwisho mwisho ya Waingereza. Dereva aliendesha lori la tajiri mmoja wa Tanga, likipanda Amani kule milimani na vyakula na mabati, likateremka na mbao.

Alikuwa mfupi wa kimo, mpana wa mabega, na akisimama mbele yako alipanua miguu kana kwamba anangoja ardhi iyumbe. Nyuma ya mlango wake, kwenye msumari, lilining'inia koti zito la kijani lililotoka vitani. Sisi watu wa pwani tungelivaa koti lile tungepikika ndani yake. Yeye alilivaa siku za safari tu, tena si kabla ya kufika Bombani, pale mlima unapoanzia. Tuliliita koti la Amani. Baridi aliiogopa kuliko polisi. Mtu huyu aliyekuwa akijisifu kwamba aliwahi kumfukuza nyati kwa honi, akifika kule juu alijikunyata jikoni kwa wapishi wa shamba, akanywa chai mfululizo na kuutukana ukungu.

"Mungu kaumba pwani kwa ajili ya watu," alisema. "Kule juu kaumba kwa ajili ya miti."

Ulimi wake ulikuwa mkali, na waliouonja zaidi ni mautingo, wale vijana wa kupakia mizigo, kuweka kuni chini ya gurudumu na kujaza upepo. Hawakudumu naye. Mmoja Dereva alimwambia hata kivuli chake ni kivivu. Mwingine alimshusha njiani katikati ya msitu kwa sababu alikalia tairi la akiba. "Hicho si kigoda cha mamako," akamwambia, akatia gia na kwenda zake. Lakini mwanamke mwenye mimba au mwenye mtoto mgongoni hakuwahi kumpita barabarani. Alisimama, akashuka mwenyewe kumpandisha, na wanaume waliokuwa wamekaa mbele wakahamishiwa juu ya mzigo. Nauli hakuitaja. Nilimwona akimfokea mzee mzima aliyenung'unika: "We una miguu miwili. Huyu ana mtu tumboni. Nani kati yenu apande nyuma?"

Hapa lazima niseme habari ya mama yangu, maana bila hiyo hutaelewa lolote.

Mama alishikwa na uchungu wa mtoto wake wa mwisho katikati ya mchana, na mtoto akakataa kutoka. Wakunga walipoanza kutazamana, mtu akakimbilia kwa Dereva. Lori lilikuwa limesimama njiani limejaa mkonge wa watu, aliokubali kuufikisha stesheni siku ile ile. Dereva hakuuliza swali. Alipanda juu, akakata kamba, akaumwaga mkonge wote barabarani, akamlaza mama juu ya magunia na kumpeleka hospitali ya Tanga akiendesha polepole kama aliyebeba mayai. Mtoto alikufa. Mama alipona. Dereva nusura afukuzwe kazi kwa ajili ya ule mkonge, na kwa muda mrefu tajiri hakumsemesha ila kwa matusi. Tangu siku hiyo mama akawa na neno lake: "Uhai wangu huu ni wa Dereva." Hakulisema kwa mzaha. Kila akipika pilau sahani ya kwanza ilikwenda ukuta wa pili, na Dereva hakuipokea sahani hiyo bila kuja mwenyewe mlangoni kushukuru, kofia mkononi, macho chini, yule yule aliyekuwa akitukana wanaume wenzake barabarani. Mbele ya mama yangu alikuwa mtu mwingine kabisa.

Na sasa matairi. Hapo nitamsifu, kwa kuwa anastahili, na sifa yenyewe inaniuma.

Tairi alilijua. Akiingia stoo ya tajiri aliinama, akalinusa, akalibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Tairi la zamani alilikataa hata kama lilionekana zima. "Mpira mzee," alisema, "hapa mjini kwenye joto utakudanganya. Upeleke Amani kipupwe uone. Baridi itaukausha uwe kama kifuu cha nazi. Hapo utateleza hata juu ya jani." Kwa hiyo matairi mazee aliyaachia magari ya mjini, na kwa mlima alitaka mapya yenye kashata nene, yale meno ya mpira yanayouma barabara. Aliyafunga nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kwenye mzigo na ndiko kunakosukuma. Safari moja tajiri alikataa kuyatoa. Dereva alikaa kwenye ngazi ya stoo, ufunguo wa gari mfukoni, akatafuna karanga mpaka matairi yakaletwa. Na njiani kila aliposimama alimtuma utingo kuchokoa udongo ulioganda katikati ya zile kashata. "Meno yaliyojaa chakula hayaumi," alisema. Nilizoea kumsikia akilisema hilo kibandani kwangu huku anachokoa meno yake mwenyewe kwa njiti, na watu wanacheka.

Halafu kulikuwa na kupunga.

Kutoka Pongwe mpaka Bombani, jua la pwani na mzigo huyatia matairi joto mpaka hayashikiki. Dereva akifika Bombani alisimamisha gari, akavaa koti, akatoa msumari mfukoni na kulizunguka lori. Alilipiga kila tairi kibao. "Mtu akipandwa na pepo si hupungwa? Basi na hili limepandwa na upepo." Akabonyeza vali kwa msumari, upepo ukatoka kwa mlio, naye akalikemea: "Toka, shetani we! Toka, tumekusikia!" Wanawake waliokaa juu ya mzigo walipiga vigelegele. Yalikuwa maigizo, lakini wakati wa masika yalikuwa na faida ya kweli. Kwenye lile tope jekundu la mlimani, tairi lililojaa upepo linasimama kwa ncha na kuzunguka pale pale. Lililopunguzwa linatanuka kama unyayo wa bata na kupanda. Malori ambayo hayakupungwa tuliyasikia yamelala na pua kwenye ukingo, na la Dereva likayapita.

Basi ikawa desturi. Madereva wengine wakaiga, na maneno yale ya kukemea wakayaiga pia. Wakatokea abiria wasiokubali gari liondoke. "Dereva, hujapunga!" Mama yangu, aliyekuwa hajawahi kufika Amani, kila mwanawe akisafiri aliuliza jambo moja tu: "Limepungwa?" Akijibiwa kuwa limepungwa, moyo wake ulitulia.

Lakini mlima hauna masika peke yake. Kuna kipupwe. Wakati huo barabara ya Amani huwa imekauka na kuwa ngumu chini, na juu yake ukungu unaweka utelezi mwembamba usioonekana. Tope la kuzama ndani yake hakuna. Na lile tairi linalochemka Bombani halina upepo wa ziada, lina joto lake tu. Likilala kule juu kwenye baridi, upepo wake unasinyaa wenyewe. Ukiwa umeshautoa chini, asubuhi unaamka na tairi lililolegea, na mbao zinangoja kupakiwa.

Haya sikuyajua mimi mwuza chai. Aliyasema dereva mmoja wa Kishambaa, mtu mzima mtaratibu, aliyekuwa akiendesha gari la shamba jingine huko huko juu. Aliyasema kibandani kwangu, Dereva amekaa mbele yake.

"Mwenzangu, kupunga kwako ni kwa tope," alisema. "Kipupwe acha. Kule kwetu baridi inakula upepo bila kuitwa. Wewe ukiutoa huku chini, na baridi ikautoa kule juu, asubuhi utabaki na nini?"

Dereva aliweka kikombe chini. "Yakhe, nyie Washambaa mwajua viazi na ndizi. Mambo ya mpira tuachieni sisi."

Watu waliangua kicheko. Mshambaa alitabasamu, akamaliza chai yake. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko, nikamwona Dereva, watu wakiwa bado wanacheka, amegeuza shingo anayatazama matairi ya lori lake kule barabarani. Aliyatazama kwa muda. Nasema alielewa. Angekuwa hakuelewa, ningekuwa nimeshamsamehe.

Utingo wake wakati huo alikuwa ndugu yangu Hatibu, anayenifuata mimi kwa kuzaliwa. Huyu ndiye pekee aliyedumu naye. Hatibu alikuwa mtu wa maneno machache, akiambiwa neno analifanya, akitukanwa anakwenda kuosha kioo. Dereva alimpenda kwa namna yake. Alikuwa akimwachia usukani kwenye tambarare na kumwambia, "Siku nikichoka hili lori ni lako." Mama alisikia hilo akalia kwa furaha. Uhai wake ulitoka kwa Dereva, na riziki ya mwanawe itatoka kwa Dereva.

Kipupwe hicho walipanda kama kawaida. Bombani gari likapungwa, vigelegele vikapigwa. Wakalala juu. Kilichotokea asubuhi Hatibu alinieleza siku aliyorudi, akanieleza tena mwaka uliofuata, na kila mara maneno yalikuwa yale yale.

"Ukungu ulikuwa umetushukia mpaka hatuonani," alisema. "Nikayakuta matairi ya nyuma yamelala, mashavu yanakaribia chini. Nikachukua pampu. Dereva akatoka jikoni kajifunika koti, akan'ambia, 'Weka hiyo pampu, mie nafa na baridi. Tukiteremka yatapata moto, yatavimba yenyewe.' Nikamwambia, 'Dereva, leo mbao ni nyingi.' Akan'ambia, 'Panda.'"

Hayakuwahi kuvimba. Kwenye kona kali, gari likiwa bado halijapata joto, mzigo uliegemea upande wa bondeni, na tairi lililolegea likajikunja likavuka ringi. Lori lililala ubavu. Hatibu alivunjika mkono, ukaunga umepinda. Dereva alitoka na koti lake halijachanika. Lakini juu ya mbao alikuwapo kibarua mmoja wa shamba la chai, kijana Mkristo wa bara, aliyeomba kupanda mpaka Muheza akampokee mkewe anayefika kwa treni. Mbao zilimlalia. Mkewe alifika stesheni akamngoja.

Tajiri aliuliza na polisi wakauliza. Dereva akajibu, "Nilimwambia utingo ajaze upepo. Akaniambia ameshajaza." Likaishia hapo. Mtu anaogopa jela, nami naelewa hofu ya jela. Angesema uongo ule kwa polisi tu, ningemwita mwoga kama waoga wengine, nikanyamaza.

Alikuja nyumbani kwetu. Hakuna aliyemtuma. Alivua viatu, akakaa mkekani mbele ya mama, kofia mkononi, macho chini, kama alivyokuwa akifanya kwa sahani ya pilau. Hatibu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, mkono umefungwa vibao.

"Mama Hatibu," Dereva alisema, "mie nakuja kwako kwa heshima. Nilimwambia kijana ajaze. Sijui alighafilika, sijui alivivia. Mtu amekufa. Sitaki uyasikie kwa wengine."

"Mama, si kweli," Hatibu akasema. "Pampu nilikuwa nayo mkononi. Yeye ndiye aliyenikataza."

Mama hakugeuka kumtazama. "Nyamaza, Hatibu."

"Mama, naapa..."

"Nimesema nyamaza! Dereva hawezi kunidanganya mimi. Mtu aliyemwaga mali ya watu barabarani kwa ajili yangu?" Kisha akamshika Dereva mkono, akaanza kumwomba radhi kwa ajili ya mwanawe.

Dereva alilia. Machozi ya kweli yalimchirizika, nami niliyaona. Akamwacha mama amwombe radhi mpaka akamaliza.

Pongwe ni mahali padogo. Haikuchukua muda Hatibu akapewa jina, Pampu. Watoto walimwimbia, watu wazima wakamwita hivyo kwa kujisahau. Hakuna lori lililomchukua tena. Nilimtafuta yule dereva wa Kishambaa, nikamleta kwa mama, akaeleza kwamba asubuhi ile alikuwa amekuja kupakia mbao uani pale pale, na kwa masikio yake alisikia "Weka hiyo pampu." Mama alimshukuru kwa adabu, akampa kahawa, akamsindikiza mlangoni. Aliporudi akasema, "Wivu wa kazi." Nikampigia kelele, nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii mamaye. Akanijibu taratibu kwamba na mimi pia atanitia kwenye dua zake.

Kilichobaki cha kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba tangu ajali ile Dereva aliacha kupunga wakati wa kipupwe. Utingo wake mpya alikuwa haruhusiwi kunywa chai asubuhi kule juu kabla hajajaza matairi yote, na Dereva mwenyewe alisimama kando yake, baridi na yote, akiyapima kwa teke. Watu waliona wakasema, "Maskini, uvivu wa Pampu umemtia woga."

Hatibu alihamia Pemba, akawa mchuma karafuu kwa mkono mmoja na nusu. Aliniambia siku anaondoka kwamba jina la Pampu angeweza kuishi nalo. Alichotaka ni mama tu ajue. "Hata asiwaambie watu," alisema. "Ajue yeye." Kila Idi alimletea mama kanga. Mama alizipokea, akazikunja, akaziweka sandukuni. Hakuvaa hata moja. Dua zake nilizisikia kila alfajiri, maana tulilala chumba kimoja. Alianza na Dereva, Mungu ampe umri. Mwisho akamtaja Hatibu, Mungu amsamehe damu ya mtu. Alikufa na dua hiyo mdomoni.

Dereva alikuwa ameshaacha kazi na kuhama. Alikwenda kukaa na binti yake Horohoro, mpakani, kwenye barabara ya Mombasa. Sikumtafuta. Nilikuwa nakwenda Mombasa kwa shangazi yangu aliyeugua, basi letu likasimamishwa Horohoro kukaguliwa mizigo, nikashuka kunyoosha miguu, nikamwona.

Alikuwa kwenye benchi la mwuza chai, jua la saa sita limewaka, naye kavaa koti la Amani, amelifunga mpaka shingoni. Alikuwa amekonda, koti limemmeza. Madereva vijana walikuwa wamemzunguka na vikombe vyao, na yeye anawafundisha.

"Gari likilala mlimani," alikuwa akisema, "asubuhi usiliwashe kabla hujajaza upepo. Baridi inakula upepo bila kuitwa. Shikeni hilo."

Maneno ya Mshambaa, neno kwa neno. Vijana walitikisa vichwa kwa heshima.

"Shikamoo, Dereva," nikasema. Umri wake ulinidai salamu hiyo, nikailipa.

"Marahaba, mwanangu. U binti wa nani?"

"Wa Mama Hatibu. Pongwe."

Uso ulimbadilika. Akawaambia vijana waende wakaangalie magari yao. Akanisogezea nafasi kwenye benchi, sikukaa.

"Mama hajambo?"

"Mama amefariki."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun." Alifumba macho, midomo ikacheza kwa muda mrefu. Alipoyafumbua hakunitazama mimi, alitazama barabara. "Alijua?"

"Alijua nini, Dereva?"

"Wajua nakuuliza nini."

"Sijui. Sema mwenyewe."

Akaitia mikono mifukoni mwa koti. "Kijana hakusema uongo," akasema kwa sauti ndogo. "Alikuwa nayo pampu. Mie nilimkataza. Haya, nimesema. Sasa nambie, mamako alijua?"

Nilimtazama mzee yule. Miaka yote nilikuwa nimeyangoja maneno hayo, na sasa yalikuwa yametoka, wa kuyasikia ni mimi tu, ambaye sikuyahitaji.

"Hakujua," nikasema. "Alikufa akikuombea. Alikutaja wewe kwanza, Hatibu mwisho."

"Alhamdulillahi," akasema Dereva.

Akainua viganja, akajipangusa uso, na alipovishusha alikuwa na uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Honi ya basi ilipigwa. Nikarudi kukaa kwenye kiti changu, na tulipoondoka niliyemwona dirishani alikuwa mzee anayetabasamu peke yake juani.

Ningeweza kumwambia kwamba mama alijua. Lilikuwa neno moja tu, na lingemkalia kifuani mpaka kaburini. Lakini mama alitulea, mimi na Hatibu, tusiweze kusema uongo hata tukiutaka. Hilo ndilo ambalo mama mwenyewe hakuwahi kulijua.